Kabla ya kuuza DSLR yako, zikague kwanza picha ulizozikataa

Wanaotaka kuhama kutoka DSLR, kamera yenye kioo ndani, kwenda kamera isiyo na kioo wengi huanza na bodi, yaani kamera bila lenzi: hii ina megapikseli ngapi, ile inapiga ngapi kwa sekunde. Mimi nashauri uanzie kwenye uharibifu. Chukua kazi zako tatu nne za karibuni, fungua picha 300 hivi ulizozikataa kabla hujazifuta, na kila moja uipe sababu yake. Fokasi imekosa? Mtu amesogea? Mwangaza umezidi? Tukio limekupita? Au picha tu haina kitu? Hesabu mafungu hayo, maana kioo kinahusika na baadhi tu.

Tazama kioo chenyewe kinafanya nini. Mwanga ukishapita kwenye lenzi ya DSLR unakutana na kioo kilichoinama nyuzi 45. Sehemu kubwa inapandishwa juu kwenye prizma hadi jichoni pako. Kiasi kidogo kinapenya katikati ya kioo hicho, kinagonga kioo kingine kidogo kilicho nyuma yake, kinashushwa hadi kwenye sakafu ya kamera, ambako ndiko iliko moduli ya otofokasi. Kwa hiyo fokasi inapimwa chini huku, na picha inanaswa kule nyuma kwenye sensa. Njia hizo mbili zinatakiwa ziwe na urefu uleule. Zikipishana hata kwa sehemu ndogo ya milimita, lenzi yenye tundu pana kama f/1.4 itakupa masikio makali na macho yenye ukungu. Kamera isiyo na kioo hupimia fokasi kwenye sensa yenyewe, hivyo kosa la namna hiyo halipati pa kuingilia.

Ila fungu la fokasi likiwa kubwa, usikimbilie dukani bado. Kuna jaribio la nusu saa. Bandika ukurasa wenye maandishi madogo ukutani, weka kamera kwenye tripodi umbali wa mita 2, ikiuelekea ukurasa moja kwa moja, na pembeni ya ukurasa laza rula kwa mshazari ili uone ukali umeangukia mbele au nyuma. Fungua tundu la lenzi hadi mwisho, zima kituliza mtikisiko, tumia pointi ya katikati peke yake. Piga picha 10 ukitazama kwenye kitazamio, na kabla ya kila moja zungusha pete ya fokasi hadi mwisho ili kamera ilazimike kutafuta upya. Kisha washa Live View, yaani kutazama kwenye skrini ya nyuma, piga nyingine 10. Live View inainua kioo, kwa hiyo kwa dakika hizo DSLR yako inafanya kazi kama kamera isiyo na kioo.

Zikuze zote hadi asilimia 100. Kama za Live View ni kali na za kitazamio zimekosea upande mmoja kila mara, tatizo ni urekebishaji. Canon wanauita AF Microadjustment, Nikon AF Fine-Tune. Sogeza kwa hatua 5, rudia jaribio, endelea hivyo. Bodi kama Canon 5D Mark III na IV hukubali namba mbili kwa lenzi ya zumu, moja ya upande mpana na moja ya upande mrefu; bodi nyingine nyingi hutoa namba moja tu, kwa hiyo chagua ule upande unaoutumia zaidi. Za daraja la kuanzia, kama Nikon D3500 na D5600, hazina kipengele hicho kabisa. Kama picha za kitazamio zimetawanyika, hii mbele, hii nyuma, hii sawa, hakuna namba itakayoziponya, na hapo hoja ya kuhama inaanza kuwa na uzito. Na kama zote 20 zina ukungu, mtuhumiwa ni lenzi au tripodi. Bodi mpya haitakusaidia.

Fungu la watu waliosogea halitibiwi na kuhama. Kituliza mtikisiko cha ndani ya bodi kinaisogeza sensa kufidia mkono wako, hakimshiki mtoto anayekimbia. Mtoto huyo anataka 1/500, na mwanga wa kuitosheleza kasi hiyo. Chenga, zile punje punje za picha za mwanga hafifu, nazo vilevile: hutegemea ukubwa na kizazi cha sensa, na kioo hakina neno hapo. Nikon D780 yenye kioo na Nikon Z6 isiyo nacho zote ni megapikseli 24, na faili zao za RAW (picha ghafi za sensa) ukizichanganya ni shida kujua ipi ni ipi.

Fungu la mwangaza ndilo linalopungua haraka zaidi. Kitazamio cha kielektroniki kinakuonyesha picha itakavyotoka kabla hujabonyeza, kwa hiyo shati jeupe lililoungua juani unaliona mapema. Lakini faida hiyohiyo inageuka kero siku ya kwanza studio. Umeweka 1/160, f/8, ISO 100, flashi ziko tayari, unachungulia, giza tupu. Kamera haijafa. Inakuonyesha chumba kitakavyokuwa kwa mipangilio hiyo bila flashi, maana haiijui flashi itakayowaka. Kwenye Canon zima Exposure simulation. Kwenye Sony tafuta Live View Display uchague Setting Effect OFF. Ukitoka nje kumbuka kuirudisha, la sivyo utapiga saa nzima ukidhani mwangaza uko sawa kumbe kitazamio kinajipendezesha chenyewe.

Jambo jingine linalosifiwa sana ni kupiga kimya kimya. Shata ya kielektroniki haitumii pazia, lile linalofunguka na kufungika mbele ya sensa. Sensa inasomwa mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, na kwenye sensa za kawaida usomaji huo huchukua kati ya 1/15 na 1/60 ya sekunde, wakati pazia la kawaida hupita kwa takriban 1/250. Chini ya taa za LED zinazopepesa, mistari mingine inasomwa taa ikiwa juu na mingine ikiwa imefifia. Picha inatoka na mikanda. Fimbo ya gofu inapinda kama upinde. Na kwenye bodi nyingi flashi haiwaki kabisa ukiwa kwenye hali hiyo. Nikon Z9 ya 2021 iliweza kuacha pazia kabisa kwa sababu sensa yake inasomwa haraka mno, na Sony A9 III ya 2023 inaisoma sensa nzima kwa mara moja, lakini hizo ni bodi za bei ya juu. Kwa nyingine, tumia ukimya panapohitajika ukimya, na ndani ya ukumbi wa taa za LED rudi kwenye pazia. (Mlio wa kioo una faida yake pia: anayepigwa picha akiusikia anajua imeshapigwa, anapumua. Ukimya huwafanya wengine wabaki wamekaza uso.)

Sasa lenzi, na hapa ndipo pesa ilipo.

Kwa kuwa kioo kimeondolewa, umbali kati ya mlango wa lenzi na sensa umefupishwa. Canon EF, ya DSLR, ni milimita 44; RF, ya kamera zisizo na kioo, ni 20. Kwa Nikon vivyo hivyo, F ni 46.5, Z ni 16. Nafasi iliyobaki ndiyo inayojazwa na adapta, na adapta za aina hii hazina vioo vya lenzi ndani. Ni bomba tupu lenye nyaya, hivyo ubora wa picha haupungui. Lakini kinyume chake hakiwezekani: lenzi ya RF haiingii kwenye bodi ya EF. Anayefanya kazi kwa bodi mbili, ya zamani na mpya, ajue kwamba kila lenzi mpya atakayonunua itakuwa imefungwa upande mmoja.

Mwenye Canon ana bahati. Lenzi za EF zina mota ndani yake tangu zilipoanza mwaka 1987, kwa hiyo adapta ya EF-EOS R inaziendesha zote. Mwenye Nikon ageuze lenzi zake atazame mgongoni. Ukiona kibonde kidogo kama cha kuingizia bisibisi, na jina linasoma AF au AF-D badala ya AF-S au AF-P, lenzi hiyo ilikuwa inazungushwa na mota ya bodi. Adapta za Nikon, FTZ na FTZ II, hazina mota hiyo. Ile 85 mm f/1.8D uipendayo itabaki kufokasi kwa mkono. Hili ndilo linalowashtua wengi baada ya kulipa.

Lenzi za sensa ndogo nazo zina hesabu yake. Ukiweka EF-S, lenzi za Canon za sensa ndogo, kwenye Canon R5, bodi ya megapikseli 45 inakata pembeni na kukuachia kama 17. Kwenye R6 ya megapikseli 20 unabaki na karibu 8, ambayo kwa chapa kubwa ni kidogo. Lenzi za Sigma na Tamron mara nyingi hufanya kazi, ila nyingine hutetereka mpaka programu yake ya ndani isasishwe kwa kile kifaa cha kuunganishia lenzi na kompyuta. Fanya hivyo kabla ya siku ya kazi.

Wepesi? Inategemea. Nikon D850, ambayo ni DSLR, ina gramu 1005 pamoja na betri, Z7 isiyo na kioo ina 675. Ongeza FTZ, gramu 135, na nusu ya ulichookoa karibu inarudi. Lenzi nzito inabaki nzito. Kwa Canon 70-200 mm f/2.8 tofauti ni ya kweli, toleo la tatu la EF ni gramu 1480 na la RF ni 1070, lakini hapo umeshanunua lenzi upya.

Betri: kwa kipimo cha CIPA, chama cha watengenezaji wa kamera, D850 inapewa picha 1840, Z7 inapewa 330. Kwa kupiga mfululizo utavuka namba hizo kwa mbali, ila D850 bado itadumu zaidi. Anayetoka asubuhi kurudi usiku aende na betri tatu au nne. Za zamani mara nyingi zinaingia: EN-EL15 kwenye Z6, LP-E6N kwenye R5 na R6, ingawa kwenye R5 mwendo wa kupiga mfululizo unashuka.

Kuna gharama mbili zinazojificha. Ya kwanza ni kadi. Bodi nyingi za juu zinataka CFexpress, na Aina A na Aina B haziingiliani. Ya pili ni programu. Lightroom 6, programu ya kuhariri picha, iliacha kusasishwa Desemba 2017, kwa hiyo haifungui RAW za EOS R wala za Z6, zilizotoka 2018. Adobe DNG Converter, inayogeuza RAW hizo ziwe faili ambazo Lightroom ya zamani inazifungua, ni ya bure na itakuvusha, kwa gharama ya hatua moja zaidi kila siku.

Na vumbi. Ukitoa lenzi, sensa iko pale mlangoni, isipokuwa kwa bodi zinazofunga pazia zikizimwa. Izime kwanza, ielekeze chini, na adapta iache kwenye bodi badala ya kuibandua kila mara.

Ni kweli Canon na Nikon hawajatoa DSLR mpya ya daraja la juu tangu 2020, na Sony waliachana na zao 2021. Pentax peke yao ndio wameendelea. Kwa asiyehama, hiyo ina maana lenzi nzuri za mitumba zimejaa sokoni kwa bei nafuu. Kwa anayehama, ina maana zake zinashuka thamani. Kama fungu lako la fokasi ni kubwa na jaribio la ukurasa limeonyesha mtawanyiko, azima au kodi bodi isiyo na kioo kwa siku mbili pamoja na adapta, weka lenzi yako uliyoizoea, washa utambuzi wa macho, na upige kazi ya aina ileile. Ukiamua, anza na bodi na adapta peke yake, uza kwanza lenzi ambazo adapta haiziendeshi, na DSLR iuze ya mwisho, baada ya kazi kama tano. Mpaka hapo ndiyo bodi yako ya akiba.