Je, wajua kwa nini sahani za kale za Kijapani zina makovu kwenye kitako?

Pindua sahani kubwa ya kale ya Kijapani, ya aina ile ya maua ya buluu, nyekundu na dhahabu ambayo wakusanyaji huiita Imari. Ndani ya pete ya kitako, yaani ule ukingo ambao sahani inaukalia, mara nyingi utakuta vijikovu vitatu, vinne au zaidi. Ni vidogo kama punje za mtama, na vinakwaruza kidole katikati ya mng'ao.

Watu wengi huviona kuwa ni dosari. Nami niliamini hivyo kwa muda mrefu: nilidhani sahani iligongwa au ilichubuka kwa kupangwa juu ya nyingine, na kwamba kati ya sahani mbili, iliyo safi chini ndiyo bora. Kilichonibadilisha ni mahali makovu yalipo. Matumizi huumiza mdomo wa sahani na ile pete inayosugua meza. Sehemu iliyo ndani ya pete imeinuka, meza haiigusi kabisa. Tena makovu yamepangwa: moja katikati na mengine kulizunguka, au matatu kama mafiga. Ajali haipangi hivyo. Makovu haya ni ya siku sahani ilipozaliwa.

Vyombo hivi vilitengenezwa Arita, katika kisiwa cha Kyushu. Imari ni bandari vilikopitia tu. Mapokeo yanamtaja mfinyanzi Mkorea, Yi Sam-pyeong, kuwa ndiye aliyegundua jiwe la kauri, yaani jiwe linalosagwa kuwa udongo wa vyombo hivi, huko Izumiyama, Arita, mnamo 1616. Vita vilipoivuruga biashara ya China baada ya nasaba ya Ming kuanguka mwaka 1644, Waholanzi waligeukia Arita, na mwaka 1659 waliagiza maelfu ya vyombo. (Neno letu kauri ni jina la ganda la baharini pia. Waitaliano walifuata njia hiyohiyo: porcellana yao ilikuwa kwanza jina la kauri ya baharini.)

Sasa tuingie tanurini. Kwenye joto la nyuzi 1300 hivi za Selsiasi, udongo wa kauri haubaki mgumu. Sehemu yake huanza kuyeyuka, na chombo kizima hulainika. Fikiria kamba ya kuanikia nguo: nguzo zikikaribiana, kamba hukaa sawa, zikiachana, hunepa katikati, nawe huiinua kwa mti wenye panda. Pete ya kitako ndiyo nguzo, na sakafu ya sahani ndiyo kamba. Pete ikiwa pana, sakafu hunepa. Mfinyanzi wa Arita aliweka chini yake vijiti vidogo vya udongo vyenye ncha, ambavyo Wajapani huviita hari, yaani sindano. Vilifinyangwa kwa udongo uleule, ili visinyae pamoja na sahani motoni. Ncha zilishikamana na utando wa kioo ulioyeyuka. Baada ya kupoa zilivunjwa, kovu likabaki.

Kwa nini sahani za China za wakati huo kwa kawaida hazina makovu hayo? Mafundi wa Jingdezhen, mji wa kauri wa China, walichanganya jiwe la kauri na udongo mweupe wa kaolini unaostahimili moto. Wao wenyewe waliita kaolini mifupa na jiwe nyama. Arita walisaga jiwe la Izumiyama na kulitumia peke yake. Hiyo huenda isiwe sababu yote, kwa maana umbo la pete na upangaji wa tanuri navyo vina sehemu yake.

Kwa hiyo kovu ni ushahidi, lakini wa kiasi. Bakuli ndogo hazikuhitaji sindano. Sahani za mwanzo kabisa za Arita zilikuwa na pete ndogo, isiyo pana, na kwa kawaida hazina makovu. Vyombo vya China viitwavyo Ru, vya karne nyingi kabla, navyo vina alama za ncha. Na anayeiga sahani ya kale anaweza kuiga kovu pia.

Hata hivyo, ninalitazama kabla ya maandishi. Sahani nyingi za Arita zimeandikwa chini, kwa herufi za Kichina, kwamba zilitengenezwa enzi ya mfalme Chenghua wa Ming, aliyefariki mwaka 1487, zaidi ya miaka mia moja kabla jiwe la Izumiyama halijasagwa. Na kando ya maandishi hayo, mara nyingi, sindano imeacha alama yake.