Dawa ya Sonona Haimezwi Siku Mbaya Tu

Mgonjwa wangu wa mwisho wiki iliyopita aliweka pakiti ya dawa mezani kabla sijamwuliza hali yake. Ilikuwa na vidonge 28 nilipomwandikia wiki nne kabla, na sasa vilikuwa vimesalia 17. Mapengo hayakufuata mpangilio wowote: kimoja kimetolewa pembeni, viwili katikati, kingine mwishoni kabisa. Alinionyesha moja baada ya jingine, kwa fahari ya mtu aliyejua kubana matumizi. Hiki alikimeza siku aliyogombana na mkubwa wake kazini, vile viwili alivimeza kwa pamoja usiku ambao moyo ulimwenda mbio akakosa usingizi, na siku nyingine zote alikuwa mzima tu, kwa hiyo hakuona sababu ya kujijaza kemikali. Kisha akahitimisha kwa maneno ninayoyasikia karibu kila siku ya kliniki: «Daktari, dawa hii hainisaidii.»

Ninalieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu nimechoka kulieleza kwa ufupi. Dhana kwamba dawa ya sonona au ya wasiwasi uliokithiri humezwa mtu anapozidiwa na kuachwa anapopata nafuu ndiyo inayovuruga matibabu kuliko nyingine yoyote ninayokutana nayo. Simlaumu sana mgonjwa. Dawa alizozizoea tangu utotoni, za kichwa na za homa, ndivyo zilivyomfundisha, na mara nyingi aliyempa hii hakutumia hata dakika tatu kumweleza kwamba hii ni ya namna nyingine.

Dawa ya kutuliza maumivu hufanya kazi ndani ya saa moja na nguvu yake huisha siku hiyo hiyo. Diazepamu nayo humtuliza mwenye wahka upesi, na wepesi huo ndio unaoifanya ipendwe kupita kiasi, na ndio sababu haifai kutumiwa zaidi ya wiki chache. Setralini, fluoksetini na jamaa zake, ambazo ndizo dawa za sonona ninazozizungumzia, zina mwendo mwingine kabisa. Huzuia serotonini, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli za neva, isirudishwe haraka ndani ya seli za neva zilizoitoa, na kazi hiyo huanza saa chache tu baada ya kidonge cha kwanza. Lakini hali ya moyo haibadiliki siku hiyo wala siku ya pili yake. Kiasi cha setralini kilichomo katika damu huhitaji takriban wiki moja ya kumeza kila siku ndipo kitulie katika kiwango kimoja, na baada ya hapo ubongo wenyewe huchukua wiki kadhaa kujirekebisha kulingana na hali hiyo mpya. Anayemeza Jumatatu, akaruka hadi Ijumaa, kisha akameza viwili kwa mpigo, hajawahi kufika katika kiwango hicho hata siku moja. Amevuna kichefuchefu cha mwanzo, tena mara kadhaa, bila kuvuna nafuu.

Hilo la madhara kutangulia nafuu nalijua pia kwa mwili wangu. Miaka kadhaa iliyopita mimi mwenyewe nilimeza setralini, na wiki ya kwanza ilikuwa ya kichefuchefu kila asubuhi, meno kukazana usiku, na miayo mfululizo ambayo haikuhusiana na usingizi hata kidogo. Niliwapigia miayo wagonjwa wangu usoni na kuwaomba radhi. Wasiwasi wenyewe uliongezeka kidogo kabla ya kupungua, jambo la kawaida kwa dawa hizi, na ndiyo maana mwenye wahka mkali huanzishiwa nusu ya dozi. Badiliko la kwanza sikuliona mimi. Katika wiki ya tatu mke wangu aliniuliza kama nilikuwa nimetambua kwamba sikuwa nikiamka tena saa kumi alfajiri. Nilimbishia, kisha nikahesabu siku, nikakuta ni sita mfululizo. Nafuu ya dawa hizi mara nyingi huja hivyo: usingizi na nguvu hutangulia, na moyo hufuata polepole hata mwenyewe asijue ni lini hasa uzito ulipungua.

Kwa hiyo hesabu ni hii. Wiki mbili za kwanza usiihukumu dawa, ila kama madhara ni makali, na hapo usinyamaze, rudi kwa aliyekuandikia. Kati ya wiki ya nne na ya sita, kwa dozi inayotosha iliyomezwa kila siku, ndipo tunapoweza kusema kwa haki kwamba dawa fulani inafaa au haifai. Ikiwa hakuna badiliko lolote, si mwisho wa safari. Huongezwa dozi au hubadilishwa dawa, kwani si watu wote wanaopona kwa ile ya kwanza. Lakini nitaamuaje kwa vidonge 11 vilivyotawanyika ndani ya siku 28?

Upande wa pili wa dhana hiyo hiyo ni kuacha mara tu mtu anapojisikia vizuri. Huyu hunisikitisha zaidi, kwa sababu alikwisha kuvuka sehemu ngumu. Baada ya sonona ya mara ya kwanza, dawa huendelezwa kwa miezi sita angalau, ikihesabiwa tangu siku mtu aliporudi katika hali yake ya kawaida, wala si tangu kidonge cha kwanza. Aliyekwisha kuugua mara kadhaa anaweza kushauriwa aendelee kwa miaka miwili au zaidi. Katika miezi hiyo dawa inalinda ukuta ambao haujakauka. Inafaa kukumbuka kwamba mojawapo ya dawa za kwanza kabisa za sonona, iproniazidi, ilitokana na matibabu ya kifua kikuu: mwanzoni mwa miaka ya 1950 madaktari waliwaona wagonjwa wa kifua kikuu wakichangamka kupita ilivyotazamiwa. Hakuna mtu wa kifua kikuu anayeambiwa ameze dawa siku anazokohoa tu, na kila mmoja anaelewa kwa nini. Ningependa uelewa huo huo uhamie huku.

Ushauri wangu, ambao wauguzi wa kliniki yetu wameuchoka, ni kuweka dawa kando ya mswaki. Si kabatini wala mkobani. Mtu hasahau mswaki hata siku mbaya, au akiusahau basi hiyo nayo ni dalili ninayotaka kuijua. Andika kwa kalamu juu ya pakiti tarehe ya kidonge cha kwanza, na uje nayo kliniki. Ukisahau dozi, imeze utakapokumbuka siku hiyo hiyo. Siku ikishapita, iache, endelea na ya leo, wala usifidie kwa kumeza viwili. Yule wa vidonge 17 tulianza naye upya kwa nusu ya dozi, na tarehe aliiandika mwenyewe.

Dhana nyingine hazihitaji maneno mengi.

Wengi huogopa kwamba dawa hizi huleta uraibu kama diazepamu. Hazileti tamaa ya kuzitafuta, wala mwili haudai dozi kubwa zaidi kila mwezi. Hata hivyo, nawakosoa pia wenzangu wanaosema kwamba kuziacha ni kazi rahisi. Niliwahi kusafiri nikasahau zangu, na siku ya tatu kila nilipogeuza macho nilihisi kitu kama mshtuko mdogo wa umeme ukipita kichwani, pamoja na kizunguzungu na hasira zisizo na sababu. Dalili hizo ni za kweli, na huwa kali zaidi kwa paroksetini na venlafaksini, nazo pia dawa za sonona, kwa sababu hutoka mwilini haraka, na hafifu kwa fluoksetini ambayo hukaa mwilini kwa wiki kadhaa. Dawa hupunguzwa polepole, kwa wiki au hata miezi, kwa mpango wa daktari.

Kuna wanaoniomba kipimo cha damu ili wajue serotonini yao imepungua kiasi gani. Kipimo cha namna hiyo cha kuthibitisha sonona hakipo, na usemi kwamba sonona ni upungufu wa serotonini tu ni hadithi iliyorahisishwa mno, ambayo sisi wataalamu tuliisambaza wenyewe na sasa inaturudia. Dawa inaweza kusaidia bila ugonjwa kuwa upungufu wa kitu hicho.

Hofu ya kugeuzwa mtu mwingine haina msingi, ila ganzi ya hisia huwapata baadhi ya watu, na hamu ya tendo la ndoa hupungua kwa wengi kuliko wanaothubutu kusema. Yote mawili yana namna ya kushughulikiwa, mradi yatajwe. Wapo wanaoacha dawa kimyakimya kwa sababu hiyo, kisha wakaniambia ilikuwa inawaumiza tumbo.

Kuhusu mawazo ya kujiua kwa vijana, hiyo si dhana potofu ya kupuuzwa. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo rasmi mwaka 2004 kwa watoto na vijana wadogo, na mwaka 2007 ikalipanua hadi miaka 24. Maana yake si kwamba kijana asipewe dawa, kwani sonona isiyotibiwa nayo huua. Maana yake ni kwamba wiki za mwanzo, na kila dozi inapobadilishwa, awe na mtu wa karibu anayemtazama, na wazo la namna hiyo likija atafute msaada siku hiyo hiyo bila kungoja tarehe ya kliniki.

Mwisho ni suala la kuchanganya dawa. Mtu huona kwamba dawa ya maumivu au ya mitishamba si jambo la kumweleza daktari wa akili. Tramadoli pamoja na dawa hizi inaweza kupandisha serotonini hadi kiwango cha hatari, mtu akatetemeka, akatoka jasho na kuchanganyikiwa, na ibuprofeni huongeza uwezekano wa kutokwa damu tumboni. Kwa hiyo unapokuja na pakiti ya dawa niliyokuandikia, njoo pia na zile ambazo sikukuandikia.