Kukaa kutwa, kusimama kutwa

Wataalamu wa afya wakitaja ukaaji wa muda mrefu, wanazungumzia saa za kuwa macho ambazo mtu ameketi au amejilaza, na mwili hautumii nguvu kupita mara 1.5 ya zile za kupumzika. Fundi cherehani wa Mbuyuni pale Moshi yumo, karani wa benki yumo, na dereva wa kifodi, yaani basi dogo, cha Arusha pia.

Jambo hili lilipata uzito mwaka 1953, mtafiti wa afya wa Uingereza Jerry Morris na wenzake walipochapisha utafiti wao kuhusu mabasi ya ghorofa ya London. Madereva walipata maradhi ya moyo zaidi kuliko makonda, ambao kutwa walikuwa wakipanda na kushuka ngazi kukata tiketi. Misuli mikubwa ya mapaja na vigimbi isipofanya kazi, sukari na mafuta huchelewa kuondoka kwenye damu. Hali hiyo ikijirudia miaka na miaka, kisukari na maradhi ya moyo huingia hapo.

Basi tusimame? Hapana. Damu ya miguuni hurudi juu kwa kusukumwa na vigimbi vinavyokaza na kulegea, na anayesimama palepale havitumii. Damu hutuama, miguu huvimba, mishipa hutokeza, kiuno huuma. Utafiti wa Ontario, Kanada, uliotolewa 2017 baada ya kufuatilia wafanyakazi kwa miaka 12, uliona wa kazi za kusimama wakipata maradhi ya moyo karibu mara mbili ya wa kazi za kukaa. Kwa hiyo inaniuma kuona binti wa dukani akikatazwa kukaa, hata kama ni mjamzito, eti wateja watamwona mvivu. Mpeni stuli!

Kinachoumiza ni kutulia mkao mmoja. Kila nusu saa badilisha: aliyekaa ainuke afuate maji, mlinzi wa getini atembee hatua kadhaa au anyanyue visigino mara kwa mara. Uchambuzi wa 2016 uliohusisha watu zaidi ya milioni 1 ulionyesha kuwa dakika 60 hadi 75 za kutembea kwa haraka kila siku huondoa hatari ya kifo cha mapema inayotokana na kukaa saa 8 au zaidi. Pale Arusha, anayetoka Kijenge kwa miguu hadi Mnara wa Saa na kurudi ameshapata sehemu kubwa ya dakika hizo.

Mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, usiukande wala kuusugua. Huenda damu imeganda ndani. Nenda hospitali siku hiyohiyo.