Si kila dirisha lililozibwa lilikwepa kodi

Kuna picha isiyokauka kwenye magrupu: nyumba ya zamani ya kasisi kijijini Uingereza, baadhi ya madirisha yake yamejazwa matofali. Maelezo yake hudai kwamba kila dirisha la namna hiyo lilizibwa ili kukwepa kodi ya madirisha.

Kodi hiyo ilikuwepo kweli. Ilianza 1696 ikafutwa 1851, na mwenye madirisha mengi alilipa zaidi. Wapo walioziba, na ndiyo maana ujumbe huu unaaminika kirahisi.

Ila nyumba nyingi za makasisi zilijengwa katika karne ya 18 na mwanzoni mwa ya 19, enzi ambayo uso wa nyumba ulitakiwa ulingane kushoto na kulia. Palipopita dohani au ngazi kwa ndani, dirisha halikuwezekana. Fundi alijenga umbo la dirisha tu, lenye kizingiti na kingo zake, ili mpangilio usivunjike. Mengine yalipakwa rangi yafanane na vioo. Huo ni ustadi, na inasikitisha kuuona ukiitwa ujanja wa kukwepa kodi.

Tafadhali, tuache kuusambaza ujumbe huo. Ukikutana na picha, angalia kama matofali na chokaa vinafanana na vya ukuta mzima, na kama juu yake paani kuna dohani. Tafuta pia mwaka wa ujenzi: nyumba iliyojengwa baada ya 1851 haikuwa na kodi hiyo ya kukwepa.