Je, wajua kwa nini mshale hutoka kwenye nyasi kwenda kwa panzi?

Mpwa wangu yuko darasa la tano. Juzi alikuja na daftari la Sayansi na uso wa mtu aliyedhulumiwa. Swali lilisema: chora mnyororo wa chakula kwa kutumia nyoka, nyasi, mwewe, panzi na chura. Yeye kawapanga vizuri kabisa: nyasi, panzi, chura, nyoka, mwewe. Lakini mishale yote minne aliielekeza kinyume, na mwalimu kampa sifuri.

"Mjomba, mbona nimekosa? Si panzi ndiye anayezifuata nyasi? Nyasi zinakwenda wapi?"

Hoja yake haina ubaya. Akilini mwake mshale ni mwendo: nani anamfuata nani, nani anamkimbiza nani. Ukiuchukulia hivyo, ni kweli panzi ndiye anayeruka kuelekea kwenye nyasi, na mwewe ndiye anayemshukia nyoka. Ila mshale wa mnyororo wa chakula hauonyeshi anayewinda. Unaonyesha chakula kinakokwenda. Nyasi zikishatafunwa ziko wapi? Tumboni mwa panzi. Panzi akishamezwa yuko wapi? Tumboni mwa chura. Mshale unafuata tonge, haumfuati mlaji.

Dawa yake watoto wetu tayari wanayo, ila wameiacha kwenye kipindi cha Kiswahili: kauli ya kutendwa. Kila ukikutana na mshale, usome "huliwa na". Nyasi huliwa na panzi, panzi huliwa na chura, chura huliwa na nyoka, nyoka huliwa na mwewe. Nilimwambia asome mchoro wake kwa sauti namna hiyo. Akaanza: "Mwewe huliwa na nyoka, nyoka huliwa na chura…" Alipofika kwa panzi anayeliwa na nyasi akacheka mwenyewe, akaomba kifutio.

Mshale umewekwa hivyo kwa sababu ya nishati. Mimea ya kijani hutumia mwanga wa jua, maji na hewa ya ukaa kujitengenezea chakula, kazi inayoitwa usanisinuru. Ndiyo maana huitwa wazalishaji. Wengine wote kwenye mnyororo hawazalishi kitu, wanapokezana kile ambacho jani lilikipata juani. Jua lenyewe ndilo chanzo cha nishati hiyo, ila si kiumbe hai, kwa hiyo swali likiuliza "nani mzalishaji?" asiandike jua. Na asiandike uyoga, hata kama umeota ardhini na unauzwa sokoni pamoja na mchicha. Uyoga hauna ukijani wa kutengenezea chakula. Ni kuvu, nao hula vilivyokufa na kuviozesha.

Kuna mtego mwingine ambao nimeona ukiwanasa hata wanafunzi hodari: kuhesabu. Swali linauliza, "Mlaji wa pili ni yupi?" Mtoto anaweka kidole kwenye nyasi, moja, kwenye panzi, mbili, anaandika panzi. Kakosa. Nyasi hazili mtu, kwa hiyo hazihesabiwi kwenye ulaji. Panzi, aliye nafasi ya pili kwenye mstari, ndiye mlaji wa kwanza. Chura ni mlaji wa pili, nyoka wa tatu. Mfundishe mtoto afunike mzalishaji kwa kidole gumba kabla hajaanza kuhesabu. Ni ujanja wa kitoto, lakini kwenye chumba cha mtihani unafanya kazi.

Akipewa majina yaliyochanganywa, asianze na mnyama mkubwa, ingawa ndiye anayevutia macho. Aanze kwa kutafuta asiyekula mwenzake. Chukua Ziwa Victoria: sangara, mwani, dagaa, vidudu vidogo vya majini. Mwani hutengeneza chakula chake, basi ndio mwanzo. Vidudu hula mwani, dagaa hula vidudu, sangara hula dagaa. Mtoto wa Mwanza au Kisumu ataupanga bila jasho kwa sababu samaki hao anawajua kwa harufu. Yule anayeishi mbali na ziwa apewe mfano wa shambani kwao, maana mnyororo wa viumbe asiowahi kuwaona unakuwa wimbo wa kukariri tu.

Sasa tuje kwenye swali linaloogopwa kuliko yote: "Nini kitatokea iwapo vyura wote watakufa?" Wengi hujibu "wanyama watakufa" au "mnyororo utakatika", wakaweka kalamu chini. Mwalimu hawezi kuyapa maksi nyingi majibu hayo kwa sababu hayasemi nani wala kwa nini. Mwanafunzi asimame pale alipotolewa chura, atazame pande mbili. Upande wa anayemla chura yuko nyoka: chakula kimekwisha, nyoka watapungua, na mwewe watafuata. Upande wa anayeliwa na chura yuko panzi: adui kaondoka, panzi wataongezeka. Halafu apige hatua moja zaidi, ambayo wengi huisahau: panzi wakiwa wengi, nyasi zitapungua. Kila sentensi iwe na "kwa sababu" yake.

Mpwa wangu hapo alibisha. "Lakini mjomba, nyoka si anakula na panya?" Anakula, na kwa kweli ndivyo maisha yalivyo. Mnyororo mmoja ni uzi mmoja uliochomolewa kutoka kwenye mtandao wa chakula, ambamo kila kiumbe ana walaji kadhaa na vyakula kadhaa. Kwenye mtihani ajibu kwa viumbe waliochorwa. Ila mtoto akiandika kwamba nyoka wachache watasalimika kwa kula panya, na akaeleza sababu, mimi ningempa maksi zake zote, maana huyo anafikiri.

Na mtandao huo unaweza kuvutwa upande mmoja ukatikisika mbali sana. Karibu mwaka 1890 ugonjwa wa sotoka uliingia Afrika Mashariki ukaua ng'ombe, nyati na nyumbu kwa wingi. Miaka ya 1950 ng'ombe wa maeneo yanayozunguka Serengeti wakaanza kuchanjwa, na miaka ya mwanzo ya 1960 ugonjwa ukatoweka kwa wanyama wa porini. Nyumbu waliokuwa kama 250,000 mwaka 1961 wakafika kama 1,300,000 mwishoni mwa miaka ya 1970. Simba na fisi nao wakaongezeka, jambo ambalo mwanafunzi wetu angelitabiri. Lakini angalia upande wa nyasi: nyumbu wengi walizila zikabaki fupi, moto wa nyika ukakosa cha kuunguza, miche ya miti ikapona, na miti ikaongezeka. Ng'ombe kachomwa sindano, mgunga umeota. Sotoka yenyewe ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011.

Limebaki swali la kwa nini minyororo ni mifupi, na kwa nini mwewe ni wachache kuliko panzi. Kila chakula kinapopita kwa mlaji mwingine, nishati nyingi hupotea. Ng'ombe hula majani kutwa nzima, siku baada ya siku. Kama yote yangegeuka nyama, angekuwa tembo kabla ya mwaka kwisha. Sehemu kubwa ya nishati anaitumia kutembea, kupumua na kuupa mwili joto, nyingine inatoka kwenye kinyesi. Hesabu ya shuleni husema kwamba moja ya kumi tu hufika kwa mlaji anayefuata. Kiasi halisi hubadilika kutoka mahali hadi mahali, ila hesabu inasaidia. Tuseme nyasi zina nishati vipimo 10,000. Panzi hubaki na 1,000, chura 100, nyoka 10, mwewe 1. Baada ya mwewe kuna nini cha kumlisha mnyama mwingine? Aliyeiweka wazi njia ya kufuatilia nishati namna hii ni Mmarekani Raymond Lindeman, aliyelichunguza ziwa dogo la Cedar Bog huko Minnesota. Kazi yake ilichapishwa mwaka 1942, mwaka ule ule aliofariki kabla hajatimiza miaka 27.

Mwewe naye akifa, bakteria na kuvu humwozesha, virutubisho vyake vikarudi udongoni, nyasi zikavinyonya.

Usiku ule tulikula ugali na dagaa. Mpwa wangu akatazama sahani yake, akauliza yeye ni mlaji wa ngapi. Nikamwambia ahesabu mwenyewe. Kwa ugali, kafunika mahindi kwa kidole gumba: yeye ni mlaji wa kwanza. Kwa dagaa kafunika mwani: vidudu wa kwanza, dagaa wa pili, yeye wa tatu. Tonge moja, vyeo viwili. Akanyamaza kidogo, halafu akajipiga kofi shingoni.

"Na huyu mbu?"

Akachukua daftari akachora: mahindi, mshale, mimi, mshale, mbu. Mbu jike tu ndiye anayenyonya damu, nikamwambia, basi akaandika "mbu jike". Kisha akainua macho ukutani alipokuwa mjusi kafiri karibu na taa, akaongeza mshale mwingine, na mwishowe akamtazama paka aliyelala mlangoni. Mishale yote minne ilikuwa imeelekea sawasawa.