Ule mstari mwekundu kwenye kipimo cha malaria ni dhahabu

Wiki iliyopita nilimsindikiza shangazi yangu zahanati. Akatobolewa kidole, tone la damu likawekwa kwenye kile kipimo cha plastiki, yakafuata matone ya kimiminika, tukakaa kwenye benchi kusubiri. Muuguzi alipotuonyesha, penye herufi C, panapoonyesha tu kwamba kipimo kinafanya kazi, palikuwa na mstari mmoja mwekundu. Penye T, panapoonyesha malaria, hapakuwa na kitu. Hana malaria.

“Hiyo damu yangu imepanda,” shangazi akasema.

“Si damu hiyo, shangazi. Ni dhahabu.”

“Dhahabu? Mbona basi wanaitupa?”

Hapo alinibana. Wanaitupa kwa sababu ni kidogo mno, hata sonara asingehangaika nayo. Lakini ni dhahabu ileile ya pete na hereni, na vipimo vingi vya aina hii vinaitumia. Kinachonikera mimi, mkemia niliyeipika mara nyingi maabara, ni kusikia ikiitwa rangi. Hakuna rangi iliyotiwa pale. Ni metali iliyo katika chembe ndogo kiasi kwamba imeacha kuwa ya njano. Chukua chembe za nanomita 20: ukizipanga 50,000 zikigusana, ndiyo kwanza unafikisha milimita moja.

Wekundu unatoka wapi? Mtu aliyewahi kubeba ndoo ya maji kichwani anajua. Ukitembea polepole maji yanatulia, lakini kuna mwendo fulani ambapo hatua zako zinaoana na mchezo wa maji: yanaenda huku, yanarudi kule, kila hatua inayaongezea, mara yamekumwagikia shingoni. Elektroni huru ndani ya chembe ya dhahabu zina tabia hiyo. Mwanga unazisukuma zote kwa pamoja upande mmoja. Upande zilikotoka unabaki na chaji chanya inayozivuta zirudi. Zikirudi zinapitiliza, zinavutwa tena. Mtikisiko huo wa pamoja ndio unaoitwa plazmoni. Kwa chembe za dhahabu za ukubwa huu zikiwa majini, mwendo unaooana nao ni wa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 520 hivi, yaani kijani. Kijani kinamezwa, wekundu unapita. Chembe za fedha humeza karibu na 400, ndiyo maana maji yake ni ya njano.

Na zinameza kwelikweli. Chembe moja ya dhahabu ya nanomita 40 hunasa mwanga mwingi kuliko molekuli 10,000 za rangi ya kawaida zikiunganisha nguvu. Bila hivyo, kimstari chembamba namna ile usingekiona kwa macho. Mwanasayansi Michael Faraday alikuwa ameshahisi mwaka 1857, huko London, kwamba maji yake mekundu yalikuwa na dhahabu iliyogawanyika mno. Hesabu kamili zikaja na mwanafizikia Gustav Mie mwaka 1908.

Kuipika ni raha. Nachemsha maji yenye chumvi ya dhahabu, ya njano iliyofifia, kisha namimina sodiamu sitreti, ndugu wa asidi ya limau. Njia hii ni ya mkemia Turkevich na wenzake, ya mwaka 1951. Kwa muda unadhani hakuna kitu: njano inapotea tu. Halafu maji yanakuwa kijivu, yanaingia weusi, zambarau, na ndani ya dakika chache yanakuwa mekundu kama rozela.

Siku moja yaligoma kwenye zambarau. Kesho yake nikakuta masizi meusi chini ya chupa na maji meupe juu. Kosa lilikuwa langu: chupa niliiosha kwa sabuni na maji ya bomba, badala ya ule mchanganyiko mkali wa asidi ya haidrokloriki na ya nitriki. Sitreti huzipa chembe chaji hasi ili zisukumane. Chumvichumvi ikiingia, chaji hiyo inafunikwa, chembe zinagandana. Elektroni za moja zinaanza kuhisi mtikisiko wa jirani, mwendo unaooana nao unashuka kuelekea upande wa mwanga mwekundu, nasi tunaona buluu.

Sasa fikiria damu ya shangazi, na chumvi yote iliyomo. Dhahabu tupu isingefika mbali kwenye ile karatasi iliyo ndani ya kipimo. Kwa hiyo huvishwa kwanza kingamwili. Kingamwili hizo hukamata protini ya vimelea vya malaria, lakini pia ni koti: hata chembe zikirundikana kwenye mstari, metali haigusi metali, na wekundu unabaki, japo unaelekea zambarau kidogo ukiuangalia kwa makini.

Koti lenyewe tunalipima kwa chumvi ya kawaida. Nachukua mililita moja ya dhahabu iliyovishwa, namiminia maji ya chumvi, nasubiri dakika kumi. Ikibaki nyekundu, kazi inaendelea. Ikigeuka buluu, naongeza kingamwili na kuanza upya.