Kumbe ya bibi: usonji na kujua mwenzio anadhani nini

Bibi mmoja wa Chumbageni, Tanga, kapika vitumbua, kavifunika kwa kawa mezani, katoka kwenda kwa jirani. Huku nyuma mjukuu mkubwa akavihamishia kwenye hotpoti jikoni, nzi wasije. Mdogo wake, wa miaka minne na ushee, amekaa mkekani anaona yote. Muulize: bibi akirudi, ataanza kuvitafuta wapi?

Akijibu "kwenye kawa", usilichukulie jibu hilo kwa wepesi. Yeye anajua vitumbua viko kwenye hotpoti, lakini ameweka kando anachokijua, akafuata anachokijua bibi. Uwezo huu wanasaikolojia wanauita nadharia ya akili. Jina hilo lilianzia kwa sokwe mtu: mwaka 1978 Premack na Woodruff waliuliza kama mnyama huyo anao. Mimi silipendi, maana mtoto hana nadharia yoyote pale mkekani. Kiswahili kina neno linalokaribia zaidi: kumbe. Bibi alidhani viko kwenye kawa, kumbe vimehamishwa. Mtoto ameiona kumbe ya bibi kabla bibi mwenyewe hajaifikia. (Wako wanaosema jaribio hili linapima "imani potofu". Pwani ukisema hivyo watu watakumbuka bundi aliyelia juu ya paa. Hapa ni dhana tu isiyolingana na hali ilivyo.)

Mwaka 1985, Simon Baron-Cohen, Alan Leslie na Uta Frith walilifanya jaribio la namna hii London kwa wanasesere wawili, Sally na Anne, na goroli ya Sally ambayo Anne aliitoa kikapuni akaitia kwenye kisanduku Sally akiwa hayupo. Watoto wasio na usonji (kwa Kiingereza autism, hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano na kuelewana na watu) walipatia 23 kati ya 27. Wenye Down sindromu, hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha ukuaji wa akili, 12 kati ya 14. Wenye usonji, 4 kati ya 20. Wala si kwamba walisahau: walipoulizwa goroli ilikuwa wapi mwanzo na sasa iko wapi, wote walijibu sawasawa. Ila walipoulizwa Sally ataitafuta wapi, wengi walionyesha pale ilipo kweli.

Lugha inaingia hapa. Mwaka 1995 Francesca Happé alionyesha kwamba watoto wengi wenye usonji hulipatia swali hili lugha yao inapofikia kiwango cha mtoto wa miaka tisa hivi, wakati wenzao hutosheka na kiwango cha miaka minne. Jill de Villiers, mtafiti wa lugha ya watoto, anaona siri iko kwenye muundo wa sentensi. "Bibi anadhani kwamba vitumbua viko kwenye kawa" ni sentensi ya kweli iliyobeba uongo tumboni. Mtoto akishaimudu, amepata chombo cha kushikia mambo mawili yanayopingana. Viziwi wanaozaliwa na wazazi wasiojua lugha ya alama huchelewa vilevile kwenye majaribio haya, na hawana usonji. Waliozaliwa na wazazi wanaotumia alama hawachelewi.

Lakini lugha haimalizi habari. Wale watoto wa Down sindromu wa 1985 walikuwa nyuma kilugha kuliko wenye usonji, na bado walipatia. Inaelekea mwenye usonji huifikia kumbe kwa kuipigia hesabu ya maneno, mwingine huiona tu. Ndiyo maana kijana anaweza kupatia swali la mezani, kisha barazani, watu wanapopokezana mzaha harakaharaka, akaachwa nyuma. Halafu, kama alivyohoji Damian Milton mwaka 2012, ambaye mwenyewe ana usonji, wasio na usonji nao hawamwelewi mwenye usonji; kutoelewana kuna pande mbili. Na kukosea swali la goroli si kukosa huruma: mtoto anaweza asijue bibi anadhani nini, na akaumia akimwona analia.

Kiswahili chetu nacho kina mitego yake. Bibi akifunua kawa na kukuta patupu atasema, "Mie nilijua viko hapa." Alijua? Hakujua, alidhani. Sisi tunamwelewa bila kufikiri. Mtoto anayechukua maneno kama yalivyo atabaki anamtazama.